Njia Iliyofyekwa Kabla

Gisenyi, 9 Mei 1998. Asubuhi manyunyu, kisha jua.

Mjukuu wangu Eriki,

Hapa Mbugangari tu wazima; shangazi yako amejifungua msichana mwenye sauti kubwa kuliko redio. Unauliza kama ni uoga kuondoka mti mnaoukata unapoanza kulia kwa kupasuka, maana wenzako kazini wanakucheka.

Nikiwa msichana, baba alimwita mtu mwenye msumeno wa injini aangushe mkaratusi wetu. Baba alionja pombe ya ndizi, akampa mrija. Mgeni akakataa.

“Bon, muzee, mi nitakunywa muti ikisha kulala.”

Baba akanuna, kwetu kukataa mrija ni tusi. Yule mtu akafyeka njia ya mshazari nyuma yake, akaitembea mara mbili.

“Ona, anakimbia na muti iko bado wima,” baba akasema. Tukacheka.

Mti ulipolia, alizima mashine akaifuata njia yake. Shina likaruka nyuma, likatua pale alipokuwa amesimama.

Baba akambebea mtungi mwenyewe. “Kunywa sasa, muoga wangu.” Hakumruhusu kuondoka mpaka ukaisha.

Naenda kulala, saa tatu na robo. We ondoka mapema, wacha wacheke.

Bibi yako