Ulikuwa Ukimlilia Mbeyu kwa Watu

Mama Mbeyu,

Umekufa. Kichomi kilikushika Jumamosi, Jumanne asubuhi umekufa, uji wangu bado uko motoni. Jumatano tukakuzika nyuma ya kanisa, karibu na mtoto. Leo ni Jumatano nyingine. Nimeketi juu ya mbuzi yako ya kukunia nazi, naandika kwa penseli. Wajua mwandiko wangu. Vumilia.

Nina hasira. Naanza na hilo, nisije nikaandika maneno mazuri ya uongo kama waliyoyasema kaburini.

Nakuita Mama Mbeyu. Jina hilo sikulitia mdomoni miaka sita. Mtoto alipokufa, kanisani wakaanza kukuita Dada Raheli, jina lako la ubatizo, na mimi nikafuata. Nikaona ni heshima. Kumbe ilikuwa njia ya kutomtaja Mbeyu.

Tulipokwisha kukufukia, Mwalimu Stefano aliomba. Wimbo ukaimbwa. Kisha akanishika bega, akaniambia, "Ndugu Yohana, dada yetu amekwenda nyumbani. Hapa hatulali matanga. Matanga ni mambo ya giza. Tusionekane kama watu wasio na tumaini." Wandugu wakanipa mkono mmoja mmoja, Bwana asifiwe, Bwana asifiwe, wakaenda zao. Jua halijafika utosini, mimi niko peke yangu mlangoni na jembe la kanisa. Wamelisahau.

Nikasema sawa. Ndivyo tulivyofanya kwa Mbeyu. Nikaingia ndani nikakaa kitandani. Nikasikia kuku wako wanapekua majivu jikoni, hakuna wa kuwafukuza. Sikuwafukuza.

Alasiri nikasikia watu uani. Natoka, namwona Bibi Mwanasha, yule jirani yetu wa ng'ambo ya kisima, na wanawake saba wa Kidigo, mikeka kichwani. Hawakubisha hodi ya kungoja jibu. Wanatandika. Nikamwambia, "Shikamoo Bibi. Sisi Wakristo hatulali matanga."

"Marahaba. Hatukuja kwa Wakristo. Tumekuja kwa Mama Mbeyu. Wewe keti."

Nikasimama tu. Jina lile lilinipiga. Nikamwuliza, Bibi, hilo jina bado unalikumbuka? Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. Unajua jicho lake. Akasema, "Nyinyi mwazika kama wapandao muhogo. Mwafukia, mwakung'uta mikono, mwaenda zenu. Huyu alikuwa akija kulia kwetu."

Ndipo nikajua. Baada ya kukuzika, Mama Mbeyu. Kwa mdomo wa jirani.

Miaka sita kila palipokuwa na msiba huku Msambweni, kwa Wadigo, ulikwenda. Ulifunga muhogo kwenye kikapu, ukajitanda kanga, ukaniambia, "Nakwenda kuwapa pole." Nami nilijisifu. Kanisani walikusifu. Mwalimu alikutaja mbele ya watu, kwamba Dada Raheli anawafariji majirani, huu ndio ushuhuda. Kumbe ukifika unaketi ukutani, karibu na mlango, na wao wakipiga kilio wewe unajifunika kanga uso mzima unamlilia mtoto wako. Unamtaja jina. Bibi Mwanasha asema walikujua tangu msiba wa kwanza. Hawakukuuliza. Walikuachia ile nafasi ya ukutani, hata msiba ukiwa na watu wengi haikaliwi. Asema walipomzika mumewe, wewe ulilia kuliko yeye mjane, mpaka akatamani kucheka, akajizuia.

Nami hapa nyumbani nakuona unarudi macho mekundu, nadhani ni moshi wa jikoni kwao.

Sasa nikwambie nimekasirikia nani.

Nimemkasirikia Mwalimu. Yeye ndiye aliyekubatiza, yeye ndiye aliyekuchagulia jina la Raheli. Na yeye ndiye aliyetufundisha kwamba Raheli aliwalilia watoto wake akakataa kufarijiwa. Akakupa jina la mwanamke aliyelia, kisha akakukataza kulia. Yesu mwenyewe alimlilia rafiki yake Lazaro, na alijua atamfufua muda si mrefu. Hilo nalo alitufundisha yeye. Nilipokuwa vitani niliona wanaume wanawalilia wenzao, Mzungu na Mwafrika, na padre wa jeshi amesimama pale, hakuna aliyewaambia hawana imani. Wewe ulikuwa na mtoto wa miaka minne aliyekufa kwa homa kifuani mwako. Ukaambiwa siku ya pili, "Dada, shangilia."

Nawakasirikia wandugu. Mguu wa Mama Damari ulipotoka kidonda kibovu, nani alikuwa akiuosha? Wewe. Mwalimu alipolala homa wiki mbili na mkewe yuko kwao, nani alimpikia uji na kumfulia mashuka? Wewe. Wametusomea mara ngapi, mpende jirani yako, na hapo sauti inashuka, wanafunga kitabu. Kuna maneno matatu nyuma, kama nafsi yako. Nafsi yako aliiuliza nani? Walikutumia kama kata ya mtungini. Kila mtu anachota, anarudisha, hakuna anayetazama kama imepasuka.

Na mimi najikasirikia. Hili ni gumu kuandika, naliandika. Siku ya tatu baada ya Mbeyu ulikuwa umelala sakafuni, uso ukutani. Nikasimama mlangoni nikakwambia, "Inuka. Watu wanatutazama." Si Mwalimu aliyesema hilo. Ni mimi. Ukainuka. Ukachukua jembe ukaenda shamba. Nikafurahi. Nikawaambia wenzangu wa kufua nazi za mbata, mke wangu ana nguvu.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ulilala ubavuni mwangu miaka sita. Ungenipiga kiwiko. Ungeniambia, Yohana, ule msiba haujaisha. Ningekasirika, ningesema maneno, lakini huenda siku ya pili ningelia na wewe. Hukunipa nafasi. Ukawapa Bibi Mwanasha na wenzake. Basi. Najua kwa nini. Nilikwambia inuka.

Wale wanawake walikaa. Moto wa jikoni kwako haukuwashwa, wali ulitoka kwao, na samaki. Mimi nililala nje na waume zao. Kwa dua Bibi Mwanasha aliniambia, "Za kwenu omba wewe. Sisi twakaa tu." Nikaomba. Walinyamaza mpaka nikamaliza, wakaitika amina.

Ijumaa Mwalimu akaja na wandugu wawili. Akaona mikeka. Akanivuta kando chini ya ukingo wa makuti, akasema niikunje, la sivyo nitatengwa na Meza ya Bwana. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi. Nikamwuliza, "Mwalimu, mke wangu alikuuguza. Wewe ulimwuliza lolote juu ya Mbeyu?"

Akasema, "Alikuwa na furaha ya Bwana."

"Alikuwa na kazi ya Bwana," nikamwambia. "Furaha hukumwuliza."

Akaondoka. Mmoja wa wandugu akarudi nyuma hatua mbili, akanishika mkono, akaenda.

Jumapili nilikwenda kanisani. Niliacha watu mikekani nikavaa lile shati uliloshona kola. Ulipofika wakati wa ushuhuda nikasimama. Wajua siongei pale. Watu wakageuka. Wakadhani naungama matanga. Hata Mwalimu alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayemwona mbuzi wake anarudi zizini.

Nikasema, "Mimi Yohana nina dhambi. Mtoto wangu alikufa nikamkataza mke wangu kulia. Nilimkataza kwa sababu niliwaogopa nyinyi kuliko nilivyompenda yeye. Akaenda kulia kwa Waislamu. Walimpokea. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na nusu yake ni yenu."

Nikaketi.

Kisha nikasikia sauti kwenye benchi la wanawake. Mama Damari. Mguu ule ule mbovu ameunyoosha mbele, kitambaa mdomoni, analia. Unajua alizika watoto wawili kabla hatujahamia huku. Mimi sikujua. Akalia kwa sauti, kama wanavyolia wale wa ng'ambo ya kisima, na wanawake wawili wakamshika. Mwalimu akaanzisha wimbo wa kumfunika. Akauimba peke yake ubeti mzima. Hakuna aliyempokea.

Baada ya ibada akasoma jina langu. Nimetengwa na Meza mpaka nitubu. Nikasema nimetubu sasa hivi, mbele yenu, hamkusikia? Nikatoka.

Alasiri ile Mama Damari alikuja na fimbo yake, akapitia nyuma, katikati ya muhogo, asionekane. Bibi Mwanasha akamwona, akasogea, akampa ile nafasi ya ukutani. Nafasi yako. Sikuweza kutazama. Nikaenda nyuma ya choo, nikashika mti wa ua, nikalia. Nilikuita wewe, nikamwita Mbeyu. Kwa sauti. Kuku wakakimbia. Miaka sita ilitoka siku moja. Niliporudi hakuna aliyenitazama. Mzee mmoja akanisogezea kikombe cha kahawa.

Nilipolia nilipata pumzi. Nakwambia hili kwa sababu ndilo ulilolijua ukanificha. Hasira haikuondoka. Lakini kulikuwa na jiwe hapa kifuani, nililizoea, nikadhani ni imani.

Jumatatu Mwalimu akaja tena. Peke yake. Akasimama penye ua, akakohoa. Akasema amekuja kuchukua jembe la kanisa.

Bibi Mwanasha hata hakuinuka. Akamwambia, "Jembe halikimbii, Mwalimu. Vua viatu uketi."

Nikadhani ataondoka. Alivua viatu. Akaketi ukingoni, jembe magotini, akakaa kiasi cha mtu kunywa vikombe viwili. Hakuomba. Hakusoma. Hakumwambia mtu ashangilie. Mama Damari alikuwa pale, wakaonana, wakainamisha macho wote wawili. Kisha akainuka akaenda na jembe lake. Miaka yote namjua, hiyo ndiyo ibada yake njema kuliko zote.

Usidhani mambo yamekwisha. Bado nimetengwa. Jumapili ijayo wengine watakwenda mezani, mimi nitabaki kwenye benchi. Na sijamsamehe. Najua natakiwa kusamehe, nitasamehe, lakini sitasamehe kwa kuambiwa inuka. Nimekwisha ona kazi yake.

Leo asubuhi tumeondoa matanga. Wamefagia uwanja, wamekunja mikeka, wameninyoa, wakanituma nikaoge. Jikoni wamewasha moto kwa makumbi ya nazi niliyokuletea mwezi uliopita. Ulisema ni mabichi, hayatawaka. Yamewaka, lakini kwa moshi mwingi. Ulikuwa na haki nusu.

Viganja vyangu vimepasuka. Zamani jioni ulikuwa ukinishika mkono, unanitoa nyuzi za makumbi kwa sindano, unanipaka mafuta ya nazi, unanigombeza kwamba nashika nazi kama nimeiba. Juzi nilijaribu kujitoa mwenyewe. Mkono wa kushoto ni rahisi. Wa kulia sijui mtu afanye nini.

Bibi Mwanasha aliniachia mkeka mmoja. Nikamwambia Bibi, umesahau. Akasema, "Sikusahau. Mtu haendi msibani mikono mitupu." Nimeuegemeza nyuma ya mlango.

Basi nakuahidi. Ndugu yeyote wa kanisa akifiwa, awe aliniunga mkono au alinigeuzia uso, nitakwenda na mkeka huu. Nitautandika uani kwake. Wakiniambia hapa hatulali matanga, nitasema sawa, naketi tu. Sitamwambia mtu amekwenda nyumbani. Nitamwuliza jina la marehemu, na nitalitaja. Hata Mwalimu akifiwa nitakwenda. Nitavua viatu.

Na kaburini nimeweka mawe mapya, yako na ya Mbeyu, pamoja, ukingo mmoja. Sikumwuliza mtu.

Lala, Mama Mbeyu. Umfunike mtoto. Hasira yangu ikipoa nitakwambia, isipopoa nitakwambia vilevile.

Nyapara wa shamba la nazi amepita jana, akatoa pole, akakaa kidogo mkekani. Kifuo changu cha kufulia nazi bado kiko pale pale, asema, hakuna aliyekigusa.

Kesho narudi kazini.

Yohana, baba Mbeyu