Gari ya Buluu ya Mwanakwerekwe

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Chokaa imenila kidole mpaka nyama. Tangu asubuhi nachekecha kwenye nyumba ya Kiponda, ile ya ghorofa tatu tunayoikarabati mwaka wa pili sasa. Lori haliingii vichochoroni. Kila gunia linashushwa barabarani Malindi, linakuja kwa toroli, halafu kwa bega. Bega langu la kulia halipandi tena juu ya sikio.

Saa sita mzee Mahfoudh, mwenye kampuni, akaniita. Nikaitika "Naam!" kama wenyeji. Wote wakacheka.

Kumbe kampuni inanunua gari. Gari ndogo, ya mlango wa nyuma, inayoweza kulala kwenye kiuga, kile kiwanja kidogo cha ofisi. Lakini lazima iwe ya dizeli, maana Bwejuu kwenye saiti ya pili yapo mapipa ya dizeli ya jenereta, naye hataki mtu ahangaike na petroli huko. Gari ndogo za dizeli hapa Unguja ni adimu. Zimepatikana mbili tu, moja Jang'ombe, nyingine Mwanakwerekwe. Anataka mimi nikazitazame, kwa kuwa niliwahi kuendesha pikapu ya dizeli ya ushirika kule Mbinga, miaka minne, kubeba kahawa.

Nikasema mimi si fundi, mzee.

Akasema, "Fundi ana urafiki na muuzaji. Wewe huna rafiki Unguja nzima. Ndiyo maana nakutuma wewe, Songea."

Songea ndilo jina langu hapa. Nimewaambia Mbinga si Songea. Wamechoka kusikia.

Sasa jambo lenyewe. Ya Jang'ombe ni otomatiki. Ya Mwanakwerekwe ni ya gia za mkono. Anwar, mtoto wa dada yake mzee, anajua otomatiki tu. Ikinunuliwa otomatiki, dereva ni Anwar, mama yake keshapiga simu mara tatu. Ikinunuliwa ya gia, dereva ni mimi. Mzee mwenyewe kasema. Na dereva anaajiriwa kwa mwezi, ana likizo ya siku ishirini na nane. Kibarua hana likizo. Mwaka wa tatu huu sijaiona nyumba yangu.

Jumatano, 11 Septemba

Jang'ombe, na Anwar. Gari nyeupe. Mwenyewe ni Bi Biasha, muuguzi mstaafu, mama mnene wa miwani. Shikamoo, marahaba, tukaletewa maji ya baridi kwanza. Kila alipobadilisha oili aliandika kwenye daftari la shule, tarehe na kila kitu. Anasema: "Gari hii haijabeba samaki, haijabeba mbuzi, haijabeba mlevi."

Nililala chini nikaikagua robo saa nzima. Nikafungua boneti. Nikafunua zulia mbele na nyuma, nikapekua mpaka chini ya tairi la akiba. Bati safi, rangi ya kiwandani.

Anwar: "Songea, unatafuta nini humo, mkufu wa bibi?"

Makosa niliyopata: kioo cha nyuma kushoto hakishuki. Kiyoyozi kimekufa. Mlima inaupanda kama mtu aliyetoka kula. Basi. Niliyaandika kwa herufi kubwa ili yaonekane mengi.

Njiani Anwar akawa anapunga mikono kwenye usukani wa hewani. Nyie watu wa bara, anasema, mnapenda kugombana na gia. Mimi gari ijiendeshe, mimi nisalimie watu tu. Si mtu mbaya Anwar. Hajawahi kubeba karai hata siku moja, hilo tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Gari ya buluu! Mwanakwerekwe, nyuma ya soko. Muuzaji anaitwa Jecha, anauza na matairi ya mtumba. Anatabasamu kabla hujasema lolote.

Niliwasha. Ikakohoa mara moja, ikatulia. Moshi kidogo, kisha hakuna. Klachi laini. Gia ya tatu iliingia kama kisu kwenye ndizi mbivu. Gia ni kazi ya mkono wa kushoto, na bega langu la kushoto ni zima. Tukaenda hadi Fuoni na kurudi, na njia nzima sikuikumbuka chokaa. Nilikuwa naendesha kwenye ile barabara ya Mbinga, asubuhi, ukungu, kahawa inanuka nyuma.

Ndani ya gari kuna udi mwingi, kama chumba cha bi harusi. Chini imepakwa rangi nyeusi mpya, inang'aa. Nikauliza. Jecha akasema ni ya kuzuia kutu, kaka, wewe mwenyewe unaijua hewa ya hapa. Nikasema vizuri.

"Gari imekupenda," akasema. "Tazama inavyokusikiliza."

Nikacheka. Zulia sikulifunua. Naandika hivi sasa ndiyo nakumbuka kwamba sikulifunua.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemwambia mzee: ya buluu. Ina nguvu, nimesema, na Bwejuu ni mbali. Amesema tuijaribu kesho kwa safari kamili, Jecha atatupa siku nzima akishikilia kitambulisho changu.

Mke wangu ametuma ujumbe wa sauti. Mihogo imetoka vizuri. Mwisho akasema mtoto wa mwisho anamuuliza kama baba yake ni sauti tu, au ana mwili kama baba wa wenzake. Alikuwa anacheka alipolisema. Nimeusikiliza mara nne, kuna mahali hacheki.

Jumapili, 15 Septemba

Nitaandika polepole leo.

Tuliondoka saa mbili, mimi na Bi Ummkulthum, mtunza stoo wetu. Yeye ndiye atakayesafiri na gari hii kuliko mtu yeyote, mara tatu kwa wiki, kupeleka vifaa na kuhesabu watu saiti. Alikaa mbele. Njia nzima anasimulia na kucheka, na akicheka anapiga mguu chini. Gari ilikwenda kama maji. Nilijiona dereva. Nilimpigia mtu honi bila sababu.

Bwejuu, saiti, tukapaki karibu na jiko. Bi Mwatum anayewapikia vibarua akatoka na mwiko mkononi. Ni mama wa pale pale kijijini, miaka mingi alikuwa analima mwani. Akaizunguka gari. Akainama, akanusa dirishani.

"Ala! Hii si gari ya yule bwana wa mwani?"

Nikasema hapana, mama, hii imetoka mjini.

"Mjini ilikwenda, haikutoka mjini. Mimi naijua kwa ule mchubuko wa mlangoni, niliutia mimi na toroli langu!" Akacheka sana. Akasimulia. Kulikuwa na mnunuzi, misimu miwili, mtu wa haraka. Wenzake wanangoja mwani ukauke juani siku tatu. Yeye anauchukua mbichi, unachuruzika, anajaza magunia nyuma mpaka kiti cha mbele. Walimwambia, bwana we, maji ya chumvi hayo, yatakula gari. Akajibu kwamba gari si mtumbwi. "Sasa naona wameifukiza udi," Bi Mwatum akasema. "Kama maiti. Njooni mle, nyie."

Sikula. Bi Ummkulthum alipokwenda kuhesabu saruji, nilifungua mlango wa mbele kushoto, nikalivuta zulia. Chini yake kuna kipande cha zulia kingine, kimegundishwa. Nikakibandua. Nikabonyeza kwa kidole gumba, si kwa nguvu.

Kidole kilipita.

Niliuona mchanga wa Bwejuu kupitia tundu. Palipokuwa na bati sasa pana ile rangi nyeusi tu na kutu iliyoshikana kama biskuti. Nikafuata pembeni, kwenye mhimili wa chini ya mlango. Hapo pia. Nikafuata kuelekea bolti za kiti. Hapo pia.

Nikarudisha kila kitu. Nikapangusa kidole kwenye suruali.

Wakati wa kurudi nikamwomba Bi Ummkulthum akae nyuma. "Nyuma? Kwani mimi gunia?" Akakaa mbele. Nilikwenda mwendo wa arobaini mpaka mjini. Akasema, mbona unaendesha kama umebeba mayai? Kila alipocheka nilitazama mguu wake.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Hakuna kazi. Mji umepambwa, watoto wana kanzu nyeupe. Nimekaa chumbani.

Nimefikiri hivi: kila gari ya hapa ina kutu. Kweli. Nimefikiri: inunuliwe kwanza, niwe dereva, halafu nitaitengeneza mwenyewe kidogo kidogo. Jioni nikaenda kwa fundi wa kuchomea wa mtaani, nikamuuliza kama mtu anayeuliza ya jirani. Akauliza bolti za kiti zimeshika wapi. Nikamwambia. Akaweka chini miwani yake ya kuchomea.

"Skiza. Bati jipya linataka pa kushika. Ukichomea juu ya kutu, umemvisha maiti koti. Siku gari ikigongwa kidogo tu, kiti na mtu wake wanatoka kivyao. Jirani yako mwambie aiache."

Nikasema nitamwambia.

Basi najua. Nilitaka mtu anidanganye, nikamwendea mtu mkweli. Huo nao ni ujinga.

Na jambo jingine, niandike tu, hakuna anayesoma. Ile nyeupe niliilalia chini robo saa kuitafutia kosa. Hii ya buluu sikufunua hata zulia. Nilikuwa na pua, udi niliunusa. Nilikuwa na macho, rangi mpya niliiona. Jecha alificha kutu, lakini mimi nilimsaidia kuificha, na hata hatukupatana.

Jumanne, 17 Septemba

Mzee amekuja Kiponda. Nilikuwa na karai begani. Akaniuliza mbele ya wote: safari ya Bwejuu vipi?

Nikasema gari ina nguvu.

Chini umekagua?

Nikasema nimekagua.

Ni kweli nimekagua. Nimeyarudia maneno hayo mchana kutwa, na kila nikiyarudia yanakuwa kweli zaidi na mabaya zaidi. Akanipiga bega — lile bovu — akasema Alhamisi tunaandikishiana na Jecha. Kibali changu cha kuendesha atakishughulikia yeye. Likizo ya kwanza Desemba, akasema, Krismasi uende kwenu.

Nikasema ahsante, mzee.

Bi Ummkulthum kaleta halua. Anasema Jumamosi atakwenda Bwejuu na wanawe wawili, shule zikiwa zimefungwa siku hiyo, wakaogelee. Eti: "Sasa tuna dereva wetu, Songea, hatuna wasiwasi." Wenzangu wakapiga makofi. Mmoja akaimba, dereva, dereva.

Sijamwambia mke wangu kuhusu Desemba. Nilishika simu, nikaiweka.

Jumatano, 18 Septemba

Chokaa. Sijasema.

Anwar kapita na pikipiki ya rafiki yake. Hana kinyongo. Kasema: "Umenishinda, chogo," ndivyo wanavyotuita watu wa bara, akanirushia chungwa. Afadhali angenitukana kwa moyo wote.

Ningekuwa na leseni mbovu, au mikono mibovu, ningekosa kazi hii bila kuamua. Watu wengi hukosa mambo hivyo. Wanalia kidogo, wanaendelea. Mimi nimepewa kuikosa kwa mkono wangu mwenyewe.

Na nikisema sasa, mzee atauliza jana ulijibu nini. Atakayekuwa mwongo ni mimi, wala si Jecha. Pengine hata chokaa yenyewe nitaikosa.

Alhamisi, 19 Septemba

Mwanakwerekwe. Saa nne kasoro. Nimetangulia kwa miguu. Mzee anakuja na teksi. Naandika juu ya goti.

Jecha alinipa ufunguo, akaniambia iwashe, ipate moto, akifika mteja isikohoe. Akaenda kununua kahawa. Niliiwasha. Nikakaa. Gia nikazipanga zote, ya kwanza mpaka ya tano, gari imesimama. Nikazima.

Halafu nikashuka, nikafungua mlango wa kushoto, nikalitoa zulia. Zima. Na kile kipande cha chini. Havikunipa shida. Sikuwa nimepanga, nasema kweli. Niliamka nikijua nitanyamaza.

Jua linaingia ndani ya gari sasa na linatokea chini. Kwenye vumbi kuna vidoa vya mwanga, saba, nane.

Jecha karudi na vikombe viwili. Kasimama. Hatabasamu. Kasema kwa sauti ya chini, lirudishe hilo zulia, kaka. Kasema, wewe ndiye uliyeitaka hii gari, au nimesahau? Kasema, ukiharibu hapa unajiharibia nani? Mimi nitampata mwingine kesho. Maneno ya haki yote.

Nimelikunja zulia, nimelikalia. Hapa chini, kando ya gurudumu. Ananivuta mkono, si kwa nguvu, watu wanatazama.

Teksi imesimama. Mzee Mahfoudh anashuka, bahasha kwapani, kofia mpya. Bi Ummkulthum yupo naye — hakuambiwa aje! — keshaikimbilia buluu yake, anaizunguka kuja upande huu. Jecha ameniachia, amekwenda kupeana mkono na mzee, anamshika kwa mikono miwili, hamwachii.

Mzee anachungulia juu ya bega lake. Anauliza, Songea, mbona umekaa chini, na hicho ulichokikalia ni nini? Nafunga daftari, nainuka na zulia mkononi, mlango nauacha wazi.