Nikubali Kwamba Ni Mimi Niliyemuunguza Mama Acayo?

Mpendwa Shangazi Rahima,

Naomba msaada wako maana nyumbani kila mtu ananiambia lake na kichwa changu kimejaa. Mimi ni msichana wa Kansanga, baba yangu Mzee Mahmoud ana duka la vitambaa huko, na huu ni mwaka wangu wa pili kusomea tiba ya viungo katika hospitali moja hapa Kampala, kazi ya kuwatibu waliopooza kwa moto, kwa barafu na kwa mashine ya umeme mdogo unaoamsha misuli, na tangu Wazungu waliokuwa wakitufundisha waondoke tumebaki na Mwalimu Tarcisio peke yake, mtu mwema, bambi maskini, lakini mwoga.

Mwalimu ana sheria zake, kwamba kabla ya kumwekea mtu moto unampima ngozi kwa vichupa viwili, kimoja cha maji ya moto na kingine cha maji baridi, mgonjwa akiwa amefumba macho akuambie kipi ni kipi, na akishindwa humwekei moto kabisa, na pia kwamba hakuna mwanafunzi anayemtia mgonjwa umeme kabla yeye mwenyewe hajafungwa zile waya na wenzake. Mimi nilifungwa mkononi mpaka vidole vikacheza vyenyewe, nikalia na wenzangu wakacheka, lakini tangu siku ile nikishika ile swichi naishika kwa adabu.

Sasa Shangazi, tukaletewa mwanafunzi mpya, Wahabi, shemeji wa afande mmoja, hakuulizwa swali hata moja siku ya kuingia, na ilipofika zamu yake ya kufungwa waya alisema yeye si mgonjwa, afungwe kwa nini, na mwalimu akatazama dirishani akaendelea na somo. Wiki iliyopita akaja Mama Acayo, mke wa polisi wa Nsambya, ambaye mguu wake una ganzi tangu apate kiharusi, mimi nikiwa chumba cha nyuma navunja barafu ndani ya gunia, na Wahabi akamwekea kitambaa kilichotoka kwenye maji ya moto bila taulo la kukinga na bila kumpima, akamuuliza unasikia moto, mama akasema hapana, basi yeye akadhani dawa haijafanya kazi, akaongeza kingine cha moto zaidi, na mama wa watu akatulia tu kwa sababu aliambiwa avumilie. Nilipoingia ngozi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa, na Mama Acayo ndiye aliyekuwa akiomba radhi, anamwambia Wahabi amsamehe kwa kuchafua shuka, mguu wake ni mbaya hausikii dawa.

Mwalimu aliniita akasema wakubwa wanataka jina. Akaniambia, “Sabah, wewe utakaripiwa tu. Yeye akikaripiwa, tutatafutwa mimi na wewe.” Na mwezi ujao Wahabi anapelekwa wodi ya watoto wenye polio akawatie umeme miguuni peke yake. Mama yangu analia nikubali yaishe, analiogopea duka, anamwogopea baba. Nina hasira, Shangazi, niambie, nikubali?

Ni mimi, Sabah

*

Sabah mwanangu,

Kwanza niwatulize wasomaji: majina yote nimeyageuza na hospitali nimeificha, kwa hiyo asije mtu hapa ofisini kuniuliza.

Pole sana. Hasira yako ni ya haki. Ningekutilia shaka kama usingekuwa nayo. Lakini na mimi umenikasirisha. Barua yote hii, duka lipo, baba yupo, karipio lipo, wala hukuniambia kama umerudi kumwona yule mama. Nani anamsafisha kidonda? Yuko hai au hayuko?

Usikubali. Unaambiwa ni karipio tu, kumbe unatakiwa umsafishie Wahabi njia ya kufika kwa watoto. Ukishasema ni wewe, basi yeye hana kosa, na asiye na kosa anapewa mashine. Hilo ndilo unaloombwa, hata kama limefungwa kwa maneno matamu.

Sikuambii ukapige kelele barabarani. Na mimi naishi Kampala hii hii, najua kwa nini mama yako halali. Mwambie mwalimu, kwa heshima, “Sikuwamo chumbani,” na ukishasema hivyo nyamaza. Usimtaje mtu. Akitaka kujua nani alikuwamo, anajua.

Na wewe Mwalimu Tarcisio, unayejijua hata kwa jina la kuazima, aibu gani hii? Sheria uliyonayo ni nzuri, uliwabana nayo wote ukamwachia mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeunguza mtu. Sasa unatafuta msichana wa kumtwisha. Fanya hivi: watangazie wanafunzi wote kwamba hakuna atakayegusa wodi ya watoto kabla hajapimwa na kufungwa waya upya mbele ya darasa. Wote, hata waliokwisha kufanya. Kaa wewe kwanza kwenye kiti, uvue soksi, ufungwe waya. Hapo hujamshtaki mtu yeyote. Kijana akikaa, atajifunza alichokikwepa. Akikataa mbele ya wenzake, amejiondoa mwenyewe wodini na hakuna aliyemtaja. Ukishindwa hata hilo, acha kujiita mwalimu.

Turudi kwako, Sabah. Kesho asubuhi nenda Nsambya kwa Mama Acayo, uchukue bandeji na dawa, umsafishe mwenyewe. Usimpelekee matunda na pole za mdomoni. Yule mama analala akiamini kwamba mguu wake ndio uliokosa adabu. Mwambie ukweli wote: mguu wake hauna kosa, hakupimwa, na tiba haitakiwi kuchoma mtu. Halafu mwambie siku nyingine akiwekewa moto na mtu ambaye hakumpima, asivumilie, asiombe radhi, achukue fimbo yake aende zake nyumbani.