Presha ya Mdogo Wako

Baba Watoto,

Kidonge kiko chini ya glasi, kinywe sasa hivi. Mayai yako kwenye sufuria. ~~Chumvi iko kabatini.~~ Chumvi nimeondoka nayo.

Ulipoyumba bafuni asubuhi hii nikakupima presha: 190 kwa 115! Nikakumbuka kile cheti cha afya bora ulichopewa kazini, nikampigia mdogo wako. Amesema yote. Ndiye aliyepimwa kwa jina lako, maana yeye hukimbia kila siku, kumbe wewe hata ngazi hupandi.

Cheti hicho nilikibandika kazini kwangu kliniki kwa mikono yangu! Uliniapia presha yako imeshuka kwa kutembea, nami nawaambia wagonjwa, "Mtazameni mume wangu, kutembea kumemponya." Wodi imejaa watu ambao wangetembea na kupunguza chumvi wasingelazwa, dawa zinatuishia kwa ajili yao, na wewe unataka kitanda cha nani? Umeniaibisha, na huna hata haya.

Usiguse gari. Mdogo wako atakuleta saa mbili. Upange foleni kama wenzako, naye abaki nje. Leo nitapima mkono wako mwenyewe, na usidhani utanibadilishia: nimeulalia miaka kumi na saba.

Mama Watoto