Mama, Nimekuona Kwenye Kompyuta ya Hamisi

Kuala Lumpur, Ijumaa

Mama yangu, shikamoo.

Nakuuliza hali, na safari hii usinijibu "salama tu" kama ulivyozoea. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Barua hii anakuletea Bi Rukia, mwenzetu wa mtaa wetu wa Nguvumali anayerudi likizo leo jioni. Nimemwambia asiondoke hapo nyumbani bila jibu, na anipigie simu papo hapo.

Kazi yangu unaijua. Nawasimamia watu saba waliotawanyika duniani: Wahindi, Wafilipino, Mpolandi mmoja, na Hamisi wetu hapo sebuleni kwako. Hatujawahi kupeana mikono. Picha ya boksi inakuja kwenye kompyuta, mtu anabonyeza: zima, au limechanika. Mimi huku naona taa ya kila mmoja, kijani akiwa kazini. Mpolandi husema kweli mpaka inauma, Wafilipino wangu hawawezi kutamka "hapana", na wote nimejifunza kuwaelewa. Aliyenishinda ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwezi uliopita Hamisi akawa wa kwanza kwa usahihi. Hamisi, Mama! Yule wa kulipua kila kazi! Nikafurahi kama mjinga. Kumbe mfumo wa kampuni umemtilia shaka, ukaanza kupiga picha kwa kamera ya kompyuta yake. Jumatatu bosi akanitumia picha mbili, akauliza, "Huyu mwanamke ni nani?"

Ulikuwa wewe. Umejitanda kanga, umevaa miwani, umeyakazia macho maboksi ya watu. Nikataka kucheka. Halafu nikatazama nyuma yako. Kitanda cha Hamisi kimehamishiwa sebuleni, kama tunavyofanya mgonjwa anapoanza kuja kutazamwa. Miguu imetoka nje ya shuka, imevimba. Nikamjibu bosi, "Simfahamu." Nimekukana, Mama, Mungu anisamehe. Niliogopa nikisema ni mama yetu anayemfanyia kazi, Hamisi atafukuzwa.

Siku ileile nikakupigia. "Hamisi kaenda Moa kwa babu yake," ukaniambia, "mzima wa afya." Na huku taa yake inawaka kijani! Nilikasirika, nikakata simu bila kukuaga. Kwa hilo nakuomba radhi. Najua desturi yetu, aliye mbali hapewi habari mbaya. Hata Baba alipofariki nyote mlijua, mimi nikaambiwa mitihani ilipokwisha. Mnasema mnanionea huruma, kumbe mnanitesa.

Jana imekuja picha nyingine. Kiti kitupu. Kitanda hakina shuka, godoro limekunjwa, limeegemezwa ukutani, na sakafuni mmetandika majamvi. Nimekupigia mara ngapi sijui, hupokei. Mama Mdogo alipokea, nikasikia sauti za watu wengi nyuma yake. "Subiri, Zuhura, mama yako ataongea nawe," akasema, akakata. Labda mmempeleka hospitali. Labda mnafanya usafi tu. Yarabi, nimesema labda mpaka mdomo umekauka. Pasipoti yangu iko uhamiaji kwa ajili ya kibali kipya, la sivyo nisingekuandikia, ningekuja.

Nisalimie Mama Mdogo, mwambie bado nasubiri kama alivyoniambia. Nisalimie Babu wa Moa. Nisalimie na jirani yetu Bi Tatu, mshona nguo. Pengine yeye atanihurumia aniambie kinachoendelea hapo.

Bosi amenipa hadi Jumatano nimfute Hamisi kwenye mfumo. Ni kubonyeza mara moja, jina linatoka kwenye orodha. Nimejaribu asubuhi hii, nikashindwa, nikaenda kulia chooni. Wenzangu wanadhani namtetea mfanyakazi mvivu. Sitaki tena salama, Mama, wala usinifiche kwa kuogopa nitaanguka peke yangu ugenini. Niambie kabla ya Jumatano: Hamisi yu hai?

Mwanao wa kwanza,
Zuhura