Pasta na moteri ya Balagizi

Stéphanie, uko? Sikiliza ya leo.

Ile gari ya mashindano, yenye boss wa mutaa wa Area 47 aliunga mwenyewe na vipande vya kuletwa kwa makasha, unaijua. Bwana yangu Balagizi, fundi wake, alifungua moteri yote, akaosha kila kipande na brosi, mwezi muzima.

Leo njo ilikuwa siku ya kuwasha. Akaita pasta wetu wa kambi ya Dzaleka aje kubariki.

Pasta akaomba muzuri. Kisha akafungua kifuniko ya moteri, akamwanga ndani, ati ni upako, chupa nzima ya mafuta ya kupikia. Ya kupikia, Stéphanie! Inanuka samaki!!

Boss akauliza: "Balagizi, hiyo ni nini?"

Na Balagizi, ule mwenye kunifokea nikigusa tu brosi yake, akafunga macho, akasema: "Amina."