Mama Upendo, Dau la Dirisha Jeusi Nimeshindwa

Mama Upendo wangu, uliyeko Houston,

Ulipoondoka hapa Garland ulisema unakwenda kumkanda mzazi, arobaini ikiisha unarudi. Mjukuu sasa anakaa mwenyewe, anapiga kelele akiona kijiko, na wewe bado unakanda. Hata unga wa maandazi ungekuwa umeshaumuka. Naiweka barua hii wazi kwenye ukurasa wa jumuiya yetu ya Watanzania kwa sababu tuliwekeana dau mbele ya watu, na wewe nakujua kwa kukana.

Unakumbuka chumba cha kompyuta kule Mwanza, ofisi ya pamba? Kompyuta ilikuwa moja, ina kiyoyozi chake, wakati meneja anajipepea kwa faili. Kuingia lazima uvue viatu mlangoni. Mimi mtunza stoo, na darasa langu la saba, nilikuwa naleta karatasi ambazo zingeweza kungoja hata mwezi, ili nipate baridi na nikuone. Siku ya kwanza niliingia na soksi iliyotoboka, kidole gumba kinachungulia. Ulikitazama, ukarudi kwenye kioo chako cheusi chenye herufi za kijani, ukaandika "dir". Mistari ikashuka kama mvua.

"Umeiambia nini?"

"Nimeiambia inionyeshe ilivyonavyo."

"Hebu iulize kama dada anayeichapa ana mchumba."

Ukaiuliza kweli, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Ikajibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo ni mbaya. Nikakwambia mashine yako haijalelewa. Ukacheka mpaka meneja akaja kuchungulia. Jioni ile nilinunua soksi.

Basi siku ile unafunga mizigo, ikafika laptop aliyotutumia binti yetu Upendo ili tuwe tunaonana. Nikaona marangi, mapicha, vidude vya kubonyeza, nikakuchokoza mbele ya wageni waliokuja kukuaga: "Mama Upendo, elimu yako ya kioo cheusi imeshazikwa."

Ukaweka chini bakuli la pilau. "Chini ya hizo picha kuna kile kile cha zamani, baba. Rangi ni mapambo tu."

Dau likawekwa. Nikishinda mimi, unarudi Garland. Ukishinda wewe, nakuja Houston, nalala kwa mkwe. Wageni wakaguna, maana wote wanaujua msimamo wangu: mwanaume halali nyumba ya aliyemwoa binti yake. Atakohoaje? Atoke bafuni na taulo, akutane na nani?

Tangu hapo nimeunguza sufuria mbili za makande. Upendo ananipigia, "Dad, si u-drive tu uje?" Nikamjibu msimamo ni msimamo. Lakini nyuma yake nilikusikia unamwimbia mtoto, naye anacheka kicheko chako kabisa, kile cha kumwita meneja.

Jumamosi nikabeba laptop hadi Mesquite kwa Papa Espoir, yule Mkongo anayetengeneza kompyuta gereji kwake. Nikamwonyesha nilichogundua mwenyewe: dirisha jeusi limo humo ndani. Nikaandika "dir", mistari ikashuka kama Mwanza. Nikaandika jina lako. Ikasema haikutambui. Maneno imebadilisha, malezi ni yale yale. Nikajua umeshinda, nikaanza kuwaza nibebe shati gani.

Papa Espoir akatikisa kichwa. "Bon, mzee, usifurahi mbio. Zamani hii nyeusi ilikuwaka msingi. Windows za sasa ziko na msingi ingine kabisa. Hii iko mugeni tu, walimuachia kiti juu ya heshima."

"Kwa hiyo nimeshinda mimi?"

"Umeshinda, mzee."

Mama Upendo, sijawahi kupokea ushindi mchungu namna ile. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi. Nikakuona akilini unafunga mizigo ya kurudi, Upendo anahangaika apate wa kumwachia mtoto aende zamu hospitali, na mimi hapa nimeletewa ugali wa moto. Ugali wenyewe ukanikaba kabla haujapikwa.

Papa Espoir akauliza kama nimeshinda mbona nimenuna. Nikamweleza. Akacheka, akavuta kompyuta yake mwenyewe, ile Mac. Akafungua jeusi lake, akaandika herufi mbili, mistari ikashuka.

"Hii sasa iko vile mama alisema. Picha zote zinakaa juu ya Unix, msingi ya hii nyeusi. Na Unix ni mukubwa kwa ile ya Mwanza, ilizaliwa mbele."

"Rudia, nikurekodi."

"Lakini mzee, ya kwako ni Windows."

"Dau halikutaja kompyuta ya nani."

Kwa hiyo natangaza mbele ya jumuiya nzima: nimeshindwa. Windows imesimama na mimi, Mac imesimama na wewe, na mwenye kuchagua hakimu ni mimi. Naondoka Ijumaa asubuhi. Mkwe mwambie nimefungwa na dau, sikupenda. Ukurasa huu hausomi, Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi. Akiuliza kwa nini natabasamu, mwambie ni meno mapya.

Mtoto asiamshwe kwa ajili yangu. Nitaingia polepole, viatu nitavua mlangoni. Soksi nimezikagua, ni nzima.

Aliyeshindwa kwa hiari yake,
Baba Upendo